Hodi ya Mwinyimvua

Mwaka ulikuwa wa thelathini na tano. La, nisiwapoteze, thelathini na tano ndio mwaka niliolala Saadani kwa homa, na Saadani haimo katika habari hii. Ulikuwa thelathini na saba, mwaka ule Waingereza walipomtawaza mfalme wao mpya, na huku kwetu Bagamoyo watoto wa shule wakapangwa mstari juani wakapewa sharubati. Ndio mwaka Ashatu binti Kibwana aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba mumewe anataka kuimba peke yake.

Ashatu alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka. Mumewe, Mwinyimvua bin Kitwana, alikuwa uani anafua nazi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kifuo kimechomekwa ardhini, ncha juu, yeye anaipiga nazi pale, anaizungusha, kumbi linabanduka. Mfua nazi wa kweli hufua kwa mapigo, hata mpita njia akitaka anaweza kucheza. Nyimbo zote za Mwinyimvua zilizaliwa pale kwenye kifuo. Mapigo yakienda sawa, Ashatu alijua beti zinakuja. Yakinyamaza ghafla alijua kina kimempotea, na wakati huo hata chai hakumpelekea, maana angeipokea na kuimwaga.

Siku hiyo mapigo yalinyamaza, lakini si kwa ajili ya kina. Mwinyimvua alikuja barazani mikono imejaa nyuzi za makumbi, akasema anataka santuri. Ashatu akamwambia hana hata gramafoni ya kuichezea. Akajibu kwamba hataki kununua santuri, anataka kuitoa, iwe yake, aipeleke mwenyewe kwa watu, na akiulizwa ya nani aseme yangu. Ashatu akamuuliza kama alikuwa amekaa juani sana.

Nieleze kidogo, maana vijana wa sasa hawayajui haya. Wakati ule mtu haimbi peke yake. Kila mwimbaji ana chama chake cha ngoma, na Mwinyimvua alikuwa malenga wa chama kilichoitwa Shuwari. Wimbo ukishaimbwa uwanjani ni wa chama, hata kama umeutunga wewe, ukautolea jasho wewe. Malenga akihama, nyimbo zinabaki, kama mpangaji anayehama nyumba: miti aliyoipanda haing'oi. Tena alikuwa amekwisha kuja wakala wa santuri kutoka Dar es Salaam, akamsikia Mwinyimvua, akasema atamchukua sauti yake mara moja, atampa kiinua mgongo, na baada ya hapo wimbo utakuwa wa wakala, na jina litakaloandikwa juu yake litakuwa lile atakalopenda yeye. Chama kinasema wimbo wetu, wakala anasema wimbo wangu. Mwinyimvua akaona katikati hapo hakuna mahali palipoachwa kwa ajili ya mtunzi. Akawakatalia wote wawili.

Mkuu wa Shuwari alikuwa Mzee Pazi, ndiye aliyemfundisha Mwinyimvua kuimba tangu hajaota ndevu. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, anayesema polepole kama anayepima samli. Akamwita mbele ya wazee wa chama, na Ashatu akasimama nyuma ya mlango pamoja na wanawake, anasikia kila neno. Mzee Pazi hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu.

"Mwanangu Mwinyimvua," alisema, "milango yetu haina kufuli, wewe nenda. Wapiga ngoma wangu sikupi, nyimbo za hapa sikupi. Ukisikika peke yako kwenye hilo dude, mwanzo mpaka mwisho, mimi nitakuja nikupe mkono. Lakini mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ukishindwa utarudi hapa, na ukirudi utapasha ngoma moto."

Wanawake nyuma ya mlango wakashika midomo. Kupasha ngoma moto ni kazi ya anayeanza. Ngozi ikilegea kwa umande, mtu huchuchumaa na moto wa makuti, anaigeuza ngoma mpaka ikaze, moshi wote unaingia machoni mwake, na wenziwe wanaimba. Kumwambia malenga apashe ngoma ni kama kumwambia imamu alinde viatu mlangoni. Ashatu alimjua mumewe. Alijua kwamba akishindwa atarudi kweli, maana hakuwa mtu wa kukimbia neno lake, na atachuchumaa kweli, na hataimba tena maisha yake. Na Mwinyimvua asiyeimba, Ashatu aliniambia, ni mtu anayefua nazi tu.

Basi wakaanza kukusanya fedha za santuri. Yeye akafua nazi za watu mpaka Kaole, mkewe akasuka mikeka mpaka vidole vikatoka sugu. Wapiga ngoma hawakupatikana, kwa hiyo Mwinyimvua akaenda kwa Gaspari, seremala aliyelelewa misheni. Gaspari alikuwa na vitu viwili ambavyo watu walivionea wivu: gramafoni ya pembe, na kinanda cha kuvuta alichofundishwa na mapadri. Hawa wawili walikuwa wakitaniana tangu utoto.

"Leo Mwislamu kaja kukopa pumzi kwa Mkristo," Gaspari alisema, huku anapiga randa bila kuinua kichwa.

"Pumzi ninayo. Nakopa kinanda. Wewe njoo tu ukibebe."

Gaspari akakibeba. Ashatu akawa mwitikiaji, maana kila kibwagizo alikuwa anakijua kabla mumewe hajamaliza kukitunga. Nyimbo za zamani zilikuwa za Shuwari, kwa hiyo Mwinyimvua akatunga mpya ambayo sikio la Bagamoyo halijapata kuisikia. Ulikuwa wimbo wa mgeni aliyefika kisimani jua kali, akamkuta bibi mmoja ameshika kata ya kuchotea, akamwomba maji. Yule bibi hakumnyima, ila alitaka kwanza kujua:

Maji yamo kisimani, kata imo mkononi;
kwenu ulikotokea, umeacha kitu gani?

Wakaupima wimbo kwa saa ya Gaspari, kwa kuwa walikuwa wameambiwa upande mmoja wa santuri huchukua dakika tatu na hauongezi. Wimbo ukaingia barabara, ukabakiza na nafasi ya kukohoa.

Dar es Salaam walipokewa na mwenye duka la gramafoni, Mhindi mpole, akawapeleka chumba cha nyuma kilichotundikwa mablanketi ukutani ili sauti isirukeruke. Ndani alikuwamo fundi aliyetoka Bombei, Kiswahili chake ni “karibu” na “asante” tu. Mbele yao kipaza sauti, juu ya mlango taa ndogo nyekundu, na mezani sahani nene ya nta inayozunguka. Mwenye duka akarudia maneno ya dakika tatu, Mwinyimvua akaitikia kwamba ameelewa. Taa ikawaka. Mwinyimvua akavuta pumzi, akapiga hodi.

Hapo ndipo palipoharibika, na sisi watu wa mwambao tu ndio tungeweza kuharibu namna ile. Malenga wa kwetu haanzi wimbo bila hodi. Kwanza huwasalimu wazee wa mji, kisha humtaja mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake hata kama amekwisha kufa, kisha wenye nyumba waliomkaribisha, kisha waliokuja kumsikiliza, na wote huwaomba radhi. Ndipo aimbe. Walipopima wimbo nyumbani hawakuipima hodi, kwa sababu hodi si wimbo. Mtu akikwambia njoo tule wali, huhesabu kunawa mikono?

Akawasalimu wazee wa Bagamoyo. Akamtaja Mzee Pazi, akamtaja na marehemu Bwanausi, kaka yake Pazi, aliyemfundisha Pazi mwenyewe. Akawataja Kaole, akawataja Mbegani, akamshukuru mwenye duka. Alipofika kwenye radhi, fundi akanyanyua mkono na taa ikazimika. Ashatu alidhani wanabana umeme. Mwinyimvua alidhani anaambiwa karibu, hodi yako imesikika, sasa imba. Fundi akaweka sahani nyingine ya nta, taa ikawaka, wakaingia katika wimbo. Na Mwinyimvua, kwa kuwa alikwisha kukaribishwa, akauimba bila haraka, na kila ubeti Ashatu aliurudishia kibwagizo mara mbili kama wafanyavyo uwanjani. Taa ikazimika tena pale bibi anapouliza. Hawakujali. Mwinyimvua akaendelea mpaka mwisho wa wimbo, Gaspari anavuta, Ashatu anaitikia, na yule fundi amesimama kando ya mashine iliyonyamaza, mikono kifuani, anasikiliza maneno asiyoyajua. Walipomaliza aliwainamia kichwa.

Hapakuwa na njia ya kujisikiliza palepale, kwani sindano ingeila nta na kazi yote ingepotea. Nta zikapakiwa melini kwenda Bara Hindi kugeuzwa santuri, na wao wakarudi nyumbani kungoja. Wakangoja mpaka mvua za vuli zikapita. Vijana wa Shuwari wakaanza kusema santuri ya Mwinyimvua imemezwa na papa, na sasa inachezwa huko tumboni. Ashatu alikuwa akipita kisimani anasikia, anajitwika ndoo yake, anaondoka.

Sanduku lilipofika lilifunguliwa karakanani kwa Gaspari, baada ya sala ya alasiri. Watu walijaa mpaka wakakalia mbao zilizochongwa nusu. Mzee Pazi alikuja na chama chake kizima, wamevaa kanzu kama wanaokwenda kuposa, akapewa kiti cha mbele. Gaspari akaishika santuri kwa ncha za vidole, akaipangusa, akaitia gramafoni ufunguo, akaweka sindano.

Sauti ya Mwinyimvua ikatoka katika pembe. Watu wakasema ah, na wengine wakatazama nyuma ya gramafoni. Ikasalimu wazee. Ikataja majina. Kila aliyesikia jina lake alimgusa jirani yake. Ikafika kwenye radhi, halafu ikawa inakwaruza tu, krr, krr, krr.

Watu wakangoja. Gaspari akainua sindano.

"Kapiga hodi kutwa," akasema Abdala, mpiga ngoma mkubwa wa Shuwari, "hakuingia ndani."

Kicheko kilichoangushwa pale kilimwamsha paka juu ya kabati. Gaspari akageuza upande wa pili harakaharaka. Mgeni akafika kisimani, jua likamwelemea, bibi akashika kata, watu wakaanza kutulia. Bibi akauliza, umeacha kitu gani, na hapohapo, krr, krr. Safari hii walicheka mpaka wakapigana mabega. Abdala alisema labda jibu limo katika sanduku, watazame chini ya majani makavu.

Ashatu hakumtazama mtu yeyote ila mikono ya mumewe. Ilikuwa imefumbata hewa, kama anayetafuta kifuo. Mwinyimvua alikuwa hajui. Katika miezi yote ile hakuwa amejua. Na Mzee Pazi alikuwa ameshika fimbo yake, anainuka kitini. Mwanzo mpaka mwisho, alikuwa amesema. Na hapa hapakuwa na mwisho.

Mimi nimeona watu wengi katika kutembea kwangu, lakini alichofanya yule mwanamke nakiweka mbali na vingine. Aliimba. Akiwa amesimama kule walikosimama wanawake, mtandio mabegani, alikichukua kibwagizo palepale santuri ilipokiangusha, akamuuliza mumewe mbele ya watu wote:

"Kwenu ulikotokea, umeacha kitu gani?"

Kicheko kikakatika. Mwitikiaji akiuliza, malenga hujibu; hilo lilikuwa ndani ya damu yake, akili haikuwa na nafasi ya kuona haya. Mwinyimvua akainua uso. Akaimba, bila kinanda, kwamba mgeni alimwacha mwalimu wake kwao, na aliondoka mwalimu amemgeuzia shingo, na tangu siku hiyo kila maji anayokunywa yana chumvi. Akamwambia bibi asimpe yeye kata, aimwage kidogo chini kwa ajili ya yule aliyebaki. Gaspari akakikuta kinanda chake na kuingia katikati. Ashatu akaitikia mpaka mwisho, na moyoni anajua kwamba mwisho huu siwo aliouimba Dar es Salaam. Huu ulizaliwa pale, machoni pake.

Walipomaliza, Mzee Pazi alikuwa angali amesimama.

"Gaspari mwanangu," alisema, "hebu irudishe ile ya kwanza."

Ikarudishwa. Hodi ikapigwa upya karakanani, wazee wakasalimiwa upya. Lilipotajwa jina la marehemu Bwanausi, Mzee Pazi aliinamisha kichwa, akabaki hivyo mpaka sindano ikaanza kukwaruza. Shuwari ilikuwa imemnyima ngoma, imemnyima nyimbo, na yeye huko ugenini, katika chumba cha mablanketi, alikuwa amelitanguliza jina lao.

"Karibu," alisema Mzee Pazi. Akawageukia wenziwe. "Mnacheka nini? Hodi hujibiwa." Kisha akampa Mwinyimvua mkono. "Sikurudishi kwenye chama. Umekua, chama hakikutoshi tena. Nenda na dude lako."

Akaenda nalo. Baiskeli mbili, gramafoni imefungwa nyuma ya Gaspari kama bibi harusi, santuri zimelazwa katika makumbi ndani ya sanduku nyuma ya Mwinyimvua. Walianza na Mbegani, hapo karibu. Alicheza upande wa hodi, na watu wa Mbegani waliposikia wametajwa hawakumwacha alale njaa. Akacheza upande wa pili, santuri ikamfia kwenye swali. Akasimama yeye, akalijibu. Mgeni wa Mbegani aliacha mke aliyemwambia narudi kesho. Vigwaza walilalamika kwamba hawamo katika hodi, akawapigia ya kwao kwa mdomo, kaya kwa kaya, na mgeni wa Vigwaza aliacha shamba la mihogo la mama yake, nguruwe wakaingia. Kule Msata, penye njia panda, malori yalisimama na madereva wakashuka na vikombe vyao vya chai; mgeni wa Msata aliacha jina lake la utotoni, hataki kuitwa tena. Dereva mmoja, pande la mtu, alisikia hilo akaenda kukaa ndani ya lori lake peke yake.

Watu wakazinunua zile santuri hata wasio na gramafoni. Wakazitundika ukutani karibu na kioo. Unamuuliza mtu ya nini, anakwambia humo baba yangu kasalimiwa.

Ilipokuja vita ya Hitla santuri hazikupatikana, Mwinyimvua akawa anaenda na mdomo wake tu. Vita ilipokwisha akatoa nyingine, bado mwenyewe, bado kwa nazi na mikeka. Mwenye duka alimshauri safari hii aache hodi, wimbo uingie wote. Akaacha. Akaipeleka Msata, na bibi mmoja muuza vitumbua, Sikuzani, akaisikiliza mpaka mwisho, akamrudishia. Alisema wimbo mzuri, ila umeingia kwangu bila hodi, utoe. Mwinyimvua alicheka njia nzima. Ya tatu aliipigia hodi upande mzima kwa kusudi, na wimbo akaukata kwenye swali kwa kusudi, na hiyo ndiyo iliyofika hata Tanga na Unguja kabla yeye mwenyewe hajafika.

Hakuwa mtu wa mali. Alifua nazi mpaka magoti yakakataa. Lakini toka Tanga mpaka Dar es Salaam hakuna aliyeweza kusema Mwinyimvua ni wangu, si chama wala wakala, na kila mahali palikuwa na watu waliosema ni wetu. Vijana wanaotoa nyimbo zao leo bila kumwomba mtu hawamjui hata jina, na wanapita njia aliyoifyeka yeye kwa baiskeli. Alifariki mwaka wa hamsini na sita. Abdala ndiye aliyeanza kulia, kwa sauti, kama mtoto.

Nilipita kumpa Ashatu mkono wa tanzia, akanisimulia haya yote huku anasuka. Nikamwambia ninayajua majibu ya Mbegani, ya Vigwaza, ya Msata, na lile la karakanani. Lisilojulikana ni moja tu, lile alilolitunga Mwinyimvua kwenye kifuo kabla ya yote, akalimalizia mbele ya mashine iliyokwisha kunyamaza. Gaspari nilimuuliza zamani, akasema yeye siku zote zile alikuwa anatazama vidole vyake. Yule fundi alirudi kwao Bombei, na maneno hakuyajua. Amebaki Ashatu, naye aliposikia swali langu alikata ukili kwa meno, akauunga mwingine, akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikanywa. Nimepita tena mara nyingi, na kila mara nimeuliza vilevile: siku ile Dar es Salaam, kabla ya kicheko na kabla ya Msata, mgeni yule alisema ameacha nini kwao?